Kamera Juu ya Meza ya Pinboli

Someni pamoja nami taratibu. Mmoja akikwama kwa neno, jirani yake amsaidie. Maneno mapya yameelezwa mwishoni mwa somo.

Nianze kwa swali. Je, umewahi kufika barazani ukakuta watu wanacheza bao, nawe umechelewa? Wachezaji wawili wameinama. Watu watano au sita wamewazunguka. Wewe uliye nyuma waona migongo tu. Unasikia watu wakipiga kelele, "Amezila zote!" lakini hukuona zilivyoliwa. Unamwuliza aliye mbele yako, naye hana nafasi ya kukujibu. Mwishowe unakwenda zako nyumbani, na habari za mchezo utazipata kesho kwa kuambiwa.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya watu waliopata shida hiyohiyo mbali na hapa, huko Marekani, na jinsi walivyoiondoa. Mchezo wao unaitwa pinboli. Dawa yao ni kamera iliyowekwa vizuri.

MASHINE YENYEWE

Pinboli ni mashine mfano wa meza ndefu yenye miguu minne. Uwanja wake wa kuchezea huwa na urefu wa sentimita 107 hivi, na upana wa sentimita 51 hivi. Uwanja umeinama kidogo kuelekea kwa mchezaji, na juu yake umefunikwa kwa kioo. Ndani kuna gololi ya chuma yenye upana wa milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi.

Katika mashine nyingi mchezaji huvuta fimbo yenye springi, akaiachia, na gololi hurushwa mpaka juu ya uwanja. Kisha huteremka ikigonga vitu mbalimbali vilivyopangwa humo. Kila inapogonga, taa huwaka na pointi huhesabiwa. Chini kabisa kuna nafasi iliyo wazi. Gololi ikipita hapo, imepotea. Kinachoizuia ni vibao viwili vidogo mfano wa mabawa, viitwavyo flipa. Mchezaji hubonyeza kitufe kilicho ubavuni mwa mashine, flipa huruka, na gololi hurudishwa juu. Nyuma ya meza limesimama sanduku lenye taa. Hapo ndipo pointi husomwa.

Sasa tazameni shida yake. Meza imelala. Mchezaji amesimama mbele yake, na mwili wake umeiziba. Watu wawili waweza kuchungulia mabegani mwake. Wa tatu haoni kitu. Chumba kikiwa na watu 50, basi 47 wanasikia kengele tu.

SIKU MOJA MJINI NEW YORK

Huenda mmoja wenu akasema, "Ni mchezo tu. Wasipoona, kumeharibika nini?" Nitawaeleza.

Mwezi wa Januari 1942 mji wa New York, chini ya Meya Fiorello La Guardia, ulipiga marufuku pinboli. Wakuu wa mji walisema kwamba mchezo huo ni kamari, kwamba unawanyang'anya watoto senti zao na kuwatajirisha wahalifu. Polisi walikusanya mashine kwa maelfu, na nyingi zikavunjwa kwa nyundo.

Wakati ule maneno yao yalikuwa na ukweli ndani yake, maana mashine za siku zile hazikuwa na flipa. Mchezaji akisharusha gololi hakuwa na uwezo mkubwa juu yake, ila kuitikisa meza kidogo. Lakini mwaka 1947 kampuni ya Gottlieb ya mji wa Chicago ilitoa mashine iliyoitwa Humpty Dumpty, nayo ilikuwa na flipa. Tangu hapo mchezo ulibadilika. Mkono na jicho vikapata kazi ya kufanya. Mchezo ulibadilika, lakini sheria ilikaa vilevile kwa miaka mingi.

Mwezi wa Aprili 1976 Roger Sharpe, mwandishi wa magazeti na mchezaji hodari, alisimama mbele ya kamati ya Baraza la Mji wa New York. Mashine mbili zilikuwa zimeletwa, moja ya kuchezea na moja ya akiba. Mjumbe mmoja alishuku kwamba ile ya kwanza imefanyiwa hila, akataka Sharpe acheze ile ya akiba. Sharpe akakubali. Akacheza. Kisha, kabla ya kurusha gololi, akasema mbele ya wote kwamba itapita katika njia ya katikati. Akavuta fimbo, akaiachia. Gololi ikapita katikati.

Kamati ikaridhika, na katika mwaka uleule marufuku ikaondolewa. Sharpe mwenyewe amekiri baadaye kwamba katika pigo lile bahati ilimsaidia. Hata hivyo, jambo moja liko wazi. Wajumbe wale walikuwa wameambiwa mengi juu ya mchezo huo. Siku waliposogea wakatazama mkono wa mchezaji kwa macho yao, walijua kwamba ustadi upo.

Basi, ndugu zangu, kamera juu ya meza hufanya kazi kama ya siku ile. Humsogeza kila mtu karibu ili aone mwenyewe, na ahukumu mwenyewe. Sasa tutazame jinsi inavyowekwa.

HATUA YA KWANZA: MAHALI PA KAMERA

Kamera kubwa huwekwa juu ya uwanja, ikitazama chini. Haifungwi kwenye mashine. Kwa nini? Kwa sababu mchezaji wa pinboli huisukuma mashine kidogo ili kuipotosha gololi. Kamera ikifungwa kwenye mashine, kila msukumo utaitikisa picha, na watazamaji wataumwa kichwa. Kwa hiyo kamera huwekwa kwenye stendi yake yenyewe, iliyo ubavuni au nyuma ya mashine, yenye mkono mrefu unaofika juu ya kioo. Miguu ya stendi huwekewa mfuko wa mchanga ili isianguke. Kamera ikianguka juu ya kioo, mchezo umekwisha, na pengine mtu ameumia.

Kamera nyingi ndogo hukaa kama mita 1 juu ya kioo ndipo zipate kuona uwanja wote. Lakini jihadhari na kichwa cha mchezaji. Yeye huinama mbele anapocheza, na kichwa chake chaweza kuzifunika flipa, nazo ndizo kila mtu anataka kuziona. Dawa yake ni kuisogeza kamera kidogo kuelekea kwenye sanduku la nyuma, kisha kuiinamisha itazame upande wa mchezaji.

Jambo hili nimelijua kwa kukosea. Siku moja darasani kwetu wazee wawili walikuwa wakicheza bao, nami niliwapiga picha kwa simu, nikiwa nimesimama na simu mkononi. Katikati ya mchezo wakakosana. Mmoja alidai kwamba mwenziwe amechukua kete za shimo lisilo lake. Sauti zikapanda. Mtu mmoja akasema, "Mwalimu anayo picha, tuitazame." Tukaitazama sote. Ilionyesha kisogo cha mzee mmoja, na bao halikuonekana kabisa. Wazee wale walirudi nyumbani bila kuagana, na mimi niliona haya.

HATUA YA PILI: KUILAZA KAMERA

Picha ya kamera ni pana kuliko urefu wake kwenda juu. Uwanja wa pinboli ni mrefu kuliko upana wake. Ukiiweka kamera kama kawaida, uwanja utakuwa ukanda mwembamba katikati ya picha, na sakafu itachukua pande zote mbili. Kwa hiyo kamera hulazwa ubavu, ili upande mrefu wa picha ufuate upande mrefu wa meza. Baadaye kompyuta huigeuza picha isimame wima.

HATUA YA TATU: HESABU YA MWENDO

Chukueni kalamu. Sinema ni picha nyingi zinazofuatana upesi. Kamera nyingine hupiga picha 30 kwa sekunde moja, nyingine 60. Tuseme gololi inakwenda mita 3 kwa sekunde moja, yaani sentimita 300.

Kwa picha 30: 300 tugawanye kwa 30. Jibu ni 10. Gololi inaruka sentimita 10 kati ya picha moja na ya pili.

Kwa picha 60: 300 tugawanye kwa 60. Jibu ni 5. Inaruka sentimita 5.

Mnaona tofauti? Kwa picha 30 jicho hupoteza gololi. Kwa picha 60 jicho huifuata. Ndiyo maana mwenye kuchagua kamera kwa mchezo huu aulize kwanza idadi ya picha kwa sekunde, kabla ya kuuliza mambo mengine.

HATUA YA NNE: MWANGA

Hapa ndipo wengi hushindwa, basi sikilizeni kwa makini.

Kwanza, kioo. Kioo hurudisha mwanga kama maji ya kisimani. Taa ya dari ikiwa juu ya meza, kamera itaona taa mbili, na gololi itapotea ndani ya mng'ao. Zima taa zilizo juu ya mashine, au zisogeze pembeni mpaka mng'ao wake uondoke katika picha. Watu wengine huweka kitambaa cheusi juu, kisha huongeza taa laini kutoka ubavuni. Iko pia lenzi ya kichujio inayopunguza mng'ao wa kioo, lakini huufanya mwanga wote upungue.

Pili, kamera inayojifikiria. Kamera za siku hizi hujirekebisha zenyewe. Mahali penye giza hujiongezea mwanga, na penye mwanga hujipunguzia. Kwa picha ya arusi jambo hili ni jema. Kwa pinboli ni balaa. Taa za mashine huwaka na kuzimika kila mara, na kamera hubadilika nazo. Picha inakuwa nyeupe, kisha nyeusi, kisha nyeupe tena. Tena kamera hutafuta kitu cha kukitazama, mara kioo, mara uwanja ulio chini yake, na picha inaingia ukungu. Kwa hiyo fungia mambo matatu kwa mkono wako: kiasi cha mwanga, umbali wa kutazama, na rangi. Ukishayaweka sawa, usiyaguse tena mpaka mchezo uishe.

Tatu, mapigo ya umeme. Umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde. Wa kwetu Afrika Mashariki hupiga mara 50. Taa hufuata mapigo hayo, ingawa macho yetu hayatambui. Kamera hutambua. Ikifungua jicho lake kwa muda usiolingana na mapigo, mistari myeusi hupanda na kushuka katika picha. Wamarekani huweka muda wa sehemu moja ya 60 ya sekunde, au sehemu moja ya 120. Mahali penye umeme kama wetu huwekwa sehemu moja ya 50, au ya 100. Basi usinakili namba za mtu wa mbali kabla ya kuuliza umeme wake ni wa namna gani.

HATUA YA TANO: POINTI NA USO

Kamera ya pili hutazama pointi katika sanduku la nyuma. Hii yaweza kuwa ndogo, na picha 30 kwa sekunde zinatosha. Katika mashine za zamani pointi huonyeshwa kwa magurudumu yenye namba, nazo huhitaji kutiwa mwanga. Tangu mwaka 1991 mashine nyingi zilionyesha pointi kwa vitone vya mwanga. Vitone hivyo haviwaki vyote kwa wakati mmoja, bali hupokezana upesi mno. Kamera yenye jicho jepesi itaona nusu ya namba tu. Ifungue polepole zaidi, na namba zitatimia.

Kamera ya tatu hutazama uso na mikono ya mchezaji. Wengine huiona kuwa ni pambo. Sivyo. Katika uwanja unaona gololi ilikokwenda, na katika uso unaona kama mchezaji alikusudia. Lakini uso ni mali ya mwenyewe. Mwombe ruhusa kabla ya kuwasha kamera, na kama ni mtoto mwombe mzazi wake. Akikataa, mchezo utaonekana bila uso, na heshima itabaki.

HATUA YA SITA: KOMPYUTA NA WATAZAMAJI

Waya za kamera tatu huingia katika kompyuta moja. Humo kuna programu ya kuchanganya picha. Inayotumika sana ni OBS, nayo hutolewa bila malipo. Fundi huweka uwanja mrefu katikati ya skrini, pointi upande mmoja, uso upande wa pili. Majina ya wachezaji huandikwa chini.

Kisha picha ile yaweza kwenda njia mbili. Njia ya kwanza ni waya mpaka kwenye televisheni kubwa ukumbini. Njia hii haihitaji intaneti kabisa, na wale watu 47 waliokuwa wakisikia kengele sasa wanaona. Televisheni isiwekwe mbele ya macho ya mchezaji, maana picha huchelewa kidogo nyuma ya gololi yenyewe, nayo itamchanganya.

Njia ya pili ni intaneti. Mahali kama Twitch, palipoanzishwa mwaka 2011, au YouTube, mtu aliye nchi nyingine huona mchezo ukiendelea, akichelewa sekunde chache. Kwa picha safi kabisa, intaneti yako iweze kupeleka biti milioni 6 kila sekunde. Ikiwa ni hafifu, punguza ukubwa wa picha, wala usipunguze idadi ya picha kwa sekunde. Picha ndogo inayokwenda vizuri ni bora kuliko kubwa inayokwamakwama.

Na sauti je? Mara nyingi sauti hufika kabla ya picha. Gonga kioo kwa kidole ukitazama skrini. Ukisikia kwanza na kuona baadaye, iambie programu iicheleweshe sauti mpaka vilingane.

Haraka haraka haina baraka. Usifanye kazi hii kwa mara ya kwanza siku ya mashindano. Funga kila kitu siku moja kabla. Cheza mchezo mmoja mzima, kisha utazame ulichopiga, na umwite mtu asiyejua pinboli atazame pia. Mwulize, "Gololi iko wapi?" Asipoweza kuionyesha kwa kidole, rudi kwenye mwanga.

MWISHO WA SOMO

Nilisema kwamba wazee wetu wawili walirudi nyumbani bila kuagana. Wiki ya pili niliifunga simu kwenye boriti ya dari, juu ya bao, mbali na vichwa. Nilifungia mwanga. Nilifunga dirisha lililokuwa ling'ara katika picha. Kisha niliwaomba wazee wacheze tena, nao wakakubali, ingawa kwa shingo upande. Mzozo ukazuka tena, kama ilivyo desturi ya bao. Safari hii tulitazama picha, na watu wote darasani wakaona kete zikihesabiwa moja moja. Mzee aliyekuwa akiitwa mlaghai wiki nzima alikuwa amecheza sawa. Mwenziwe alinyamaza kidogo, kisha akampa mkono. "Nisamehe, ndugu yangu," alisema. "Mimi ndiye niliyehesabu vibaya."

Kazi ya kamera ni hiyo. Wajumbe wa New York walipata kuona mwaka 1976 kwa sababu mashine zililetwa mbele yao. Sisi wengine hatuwezi sote kusimama mbele ya meza. Kamera ikiwekwa mahali pake, ikafungiwa mwanga wake, ikatulia, mtu wa nyuma kabisa huona sawasawa na wa mbele, wala hana haja ya kuambiwa.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji. Tukutane katika somo lijalo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Flipa: kibao kidogo katika pinboli kinachoruka na kurudisha gololi juu.
Gololi: mpira mdogo mgumu, wa chuma au wa kioo.
Kufungia: kuweka jambo lisibadilike.
Lenzi: kioo cha jicho la kamera.
Marufuku: jambo lililokatazwa na sheria.
Mng'ao: mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu kinachong'aa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini kamera haifungwi kwenye mashine yenyewe?
2. Gololi inakwenda sentimita 240 kwa sekunde. Kamera hupiga picha 60 kwa sekunde. Gololi inaruka sentimita ngapi kati ya picha mbili?
3. Taja mambo matatu ya kufungia katika kamera kabla ya mchezo kuanza.
4. Je, ni haki kuonyesha uso wa mchezaji bila kumwomba ruhusa? Toeni sababu zenu.
5. Katika mtaa wenu, ni mchezo gani ambao watu wa nyuma hawauoni? Mngeiweka kamera wapi?